Mdomo Uliomzika Raya

Mwanamke aliyemuua mwanangu ndiye huyo huyo aliyemkata kitovu. Mwanangu mwenyewe, Raya, yuko uani ninapoandika haya, anamfukuza kuku wa jirani na gauni lake la chuo cha Kurani limejaa matope. Mzima kabisa. Ana pengo la meno ya mbele na mdomo usiojua kunyamaza. Kwa hiyo nikisema aliuawa, fahamuni kwamba aliuawa kwa maneno, ukumbini, mbele ya watu waliovaa vitambulisho shingoni, na muuaji wake akapigiwa makofi.

Sitamtaja jina. Kijijini kwetu, upande wa Wingwi, Pemba, tulimwita Bi Mwenyekiti, na hata alipopata kiti kikubwa huko Unguja na watu wakaanza kumwita Mheshimiwa, sisi tulibaki na letu. Alizaliwa wapi, baba yake nani, mashamba ya babu yake yaliishia mikononi mwa nani, waulizeni wazee. Mimi nasema niliyoyaona, na machache aliyonisimulia mama yangu, ambaye haongopi ila akiulizwa umri.

Nianze na sauti yake, maana ndiyo iliyompeleka kote alikokwenda. Haikuwa sauti nzuri. Ilikuwa na ukwaruzo, kama nazi inayokunwa, lakini ilifika. Mara ya kwanza kuisikia ikifanya kazi nilikuwa bado na sare ya skuli. Sheha, mkuu wa kijiji, alikuwa ameitisha mkutano darasani kwetu kuzungumzia barabara, na wanaume walikuwa wamesema mpaka wakachoka: barabara inapitika, baiskeli zinapita, subira ni jambo jema. Kule nyuma, walikokaa wanawake, akasimama mtu.

"Sheha, samahani, heshima yako iko pale pale," akasema. "Barabara hiyo mnayoipima kwa baiskeli, njooni siku moja muipime kwa tumbo la miezi tisa."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akatokwa na machozi. Sheha naye akacheka, akainama. Nikajiambia, mie nikiwa mkubwa nataka kuwa yule.

Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakakataa kunipeleka mbele, niliolewa, nikakaa nyumbani na vyeti vyangu ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuna aliyeniuliza habari za vyeti ila yeye. Alikuja mlangoni, hakukaa, akaniambia, "Weye umesoma. Kusoma huko umemsomea nani, panya?" Wiki ile ile nikawa katibu wa kikundi cha akinamama. Kusudi la kikundi lilikuwa moja: kituo chetu cha afya kiwe na chumba cha kuzalia, chenye kitanda na mkunga, ili mwanamke asibebwe juu juu kama gunia kila uchungu unapomshika.

Alinifundisha kusema mbele za watu. Nami nilikuwa wa kutetemeka. Akaniambia, "Usimtazame mkubwa machoni, atakutisha. Mtazame viatu. Mtu mkubwa akitazamwa viatu hupotewa na maneno." Nimelijaribu mara nyingi. Ni kweli. Watapapasa maneno, watajikagua, mmoja aliwahi hata kurudisha miguu chini ya kiti kama mtoto aliyekanyaga choo cha kuku.

Basi mjue kwamba nilimpenda. Hasira yangu isingekuwa kubwa hivi kama nisingempenda.

Raya alizaliwa mchana wa jua kali, ndani ya gari ya ng'ombe, kwenye ule mteremko wa mawe kabla hujaikuta lami. Uchungu ulikuja mapema, gari ya kukodi haikupatikana, mume wangu Hamad akafunga ng'ombe. Mama alikaa kichwani pangu. Bi Mwenyekiti hakuitwa na mtu. Alituona tunapita, akaacha jembe shambani, akaja anakimbia kando ya gurudumu, huku akinitukana ili nisilale. "Fumbua macho, we mtoto mjinga! Unataka kulala leo? Ulilala vya kutosha ulipopata mimba!" Niliumwa na nikacheka. Kufika mteremkoni, akapanda. Ni mikono yake iliyompokea Raya. Ni uzi wa pindo la kanga yake uliofunga kitovu, na wembe mpya wa mama ukakata mkononi mwake. Akamfunga mwanangu kwa upande ule mwingine wa kanga, na yeye mwenyewe akarudi nyumbani kwa miguu na kanga moja, mtu wa heshima zake, kichwa wazi, na hakujali.

Lakini nilimwona jambo moja ambalo sikulielewa. Raya alipolia, yeye hakufurahi upesi kama mama. Alimsogeza sikioni. Akasubiri alie tena. Alipolia mara ya pili, na ya tatu, ndipo akaketi chini ndani ya gari na kusema, "Haya. Yuno kakubali."

Sasa sikilizeni alichokifanya na siku hiyo.

Raya alikuwa ameshaanza kutembea na kuvunja vyombo, shoga yangu mmoja niliyesoma naye, aliyeolewa Unguja na ambaye hatukuwa tumeonana tangu skuli, akanitumia sauti kwenye simu. Analia. "Pole shoga yangu. Pole sana. Mbona hukuniambia? Mungu amfanye kitangulizi chako. Mwana kuzikwa hata jina halijazoeleka!" Nikasikiliza mara mbili. Raya alikuwa mapajani pangu anakula muhogo, tui limemtiririka mpaka kiwikoni.

Nikampigia. Akaniambia kuna kipande cha picha kinazunguka, mama mmoja wa Pemba anahutubia mkutano mkubwa wa watetezi wa haki za wanyonge. Akanitumia. Ndiye. Kavaa kanga ile ile, ukwaruzo ule ule. "Kijijini kwetu kuna binti, kasoma mpaka kidato cha nne, kazalia kwenye gari ya ng'ombe kama mzigo wa kuni. Mwana alilia mara moja. Mara moja tu, ndugu zangu. Akafa mikononi mwangu humu." Akainua mikono. Watu wakasimama wote, wakapiga makofi.

Kijiji kizima, binti wa kidato cha nne aliyezalia kwenye gari ya ng'ombe ni mmoja. Hata mbuzi wetu anamjua.

Mama alipoonyeshwa, alimnyakua Raya akamfunika kwa mtandio kama anayemficha mvua. Kwetu, kumsemea kifo mtoto aliye hai ni uchuro, na uchuro hauondolewi na mganga wala kwa ubani. Huondolewa na mdomo ule ule uliousema, mbele ya watu kama wale wale. Mama akaniambia, "Nenda kwake. Usigombe. Mwambie amtoe mwana kaburini alikomtia. Aseme neno moja tu: yuhai."

Hilo ndilo nililolitaka. Mwanzo mpaka mwisho wa habari hii, nililitaka hilo tu. Nyie mlioenda mjini mnaweza kuniita mshamba. Siku Raya aliposhikwa na homa baada ya pale, nilikaa naye nikimhesabia pumzi, na kila pumzi ikichelewa nilikuwa nasikia yale makofi.

Nilimkuta jikoni anakaanga samaki.

"Bi Mwenyekiti, umemuua mwanangu."

"Kafa nani?"

"Raya. Nimekuona kwenye simu."

Akacheka, kisha akaniona uso, akaacha kucheka. "Mwanangu, yale maneno ya ukumbini. Watu wale ukiwaambia mtoto kapona, wanashukuru, wanaenda kula. Ukiwaambia kafa, wanauliza wafanye nini."

"Basi waambie mwingine. Si wangu."

Akageuza samaki aliyekuwa hata hajaiva. "Mwingine yupi?" akamuuliza yule samaki, si mimi.

"Nataka uyarudishe," nikamwambia. "Mdomo huo huo, mbele ya watu."

"Nitayarudisha. Chumba kikishafunguliwa, wallahi nitasema. Nikisema sasa, nitakuwa mwongo mbele ya wenye mkoba, na chumba basi. Unataka chumba au unataka maneno?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuuliza swali ambalo kila jibu lake linakuumiza mwenyewe.

Hotuba ile ilimbeba. Haukupita muda, akateuliwa, akapata kiti, gari na dereva. Na hapa niseme habari za miguu yake. Miguu ya Bi Mwenyekiti tuliijua sote, ilikuwa na mipasuko ya visigino ambayo ungeweza kuficha sindano. Alipopata kiti, akapata na viatu, vya kisigino kidogo, vyeusi, vinavyong'aa. Lakini kijijini alishuka na kandambili. Siku moja nilikuwa nyuma ya kituo cha afya, gari yake ikasimama kando ya migomba, nikamwona anavua viatu vile, anavitia chini ya kiti cha gari, anatoa kandambili zilizochakaa, upande mmoja umeshonwa kwa waya. Akanyanyua macho, tukatazamana.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Nikija na vile, mtasema nimewakimbia. Nikija na hivi, mwasema nawadanganya. Nije na miguu ya nani?"

Mpaka leo sijui alitakiwa aje na miguu ya nani. Najua tu kwamba mama alipata kunieleza: "Yule umaskini anaujua, ndiyo maana anaukimbia. Anayeusemea bila kuogopa hajalala nao." Sawa. Lakini aliyeukimbia si ndiye aliyekuwa akisimama na kusema, "Mimi ni mmoja wao"? Binti yake mwenyewe alipokaribia kujifungua, alipelekwa Dar es Salaam, hospitali ya kulipia, chumba chenye pazia na feni. Mwezi ule ule mama mtu alikuwa kwenye redio akituhimiza tuwe na imani na kituo chetu. Kituo gani? Chumba kilikuwa kuta na bati. Ndani kulikuwa na popo na gunia la saruji lililoganda.

Halafu kuna mambo ya mikeka.

Kwetu, nyumba iwe maskini vipi, ina mkeka wa mgeni. Wa ukindu, wenye rangi, umekunjwa juu ya kabati au umetundikwa ukutani, na mtoto akiukanyaga bila ruhusa hupigwa. Mgeni hutandikiwa huo. Wenyeji hukaa kwenye jamvi. Hii hatukufundishwa na mtu, tumeikuta. Bi Mwenyekiti ndiye aliyeigeuza. Siku za wageni wa ufadhili alipita nyumba hadi nyumba kabla ya gari zao kufika: "Mikeka mizuri ikunjeni. Leteni majamvi, yale ya kuanikia karafuu, yaliyotoboka. Vikombe vya maua ficheni. Na weye na dhahabu hizo masikioni, unakwenda harusini?" Alikuwa na neno lake: "Mgeni huyu haji na sikio, anakuja na jicho." Bibi mmoja alikataa katakata. Alisema tangu aolewe hajamtandikia mgeni kitu kibovu, na hataanza leo kwa ajili ya Mzungu. Bi Mwenyekiti akambembeleza, akambusu mkono, akamwambia, "Bibi yangu, ukiwatandikia mzuri, wataona hatuna shida." Bibi akatoa jamvi. Lakini alilia. Niliona.

Na kweli, majamvi yalileta mabati. Nikatae? Yalileta saruji na mabati. Ndiyo maana wanawake walimsikiliza, nami nikaandika barua zake zote kwa mkono wangu.

Ikafika safari ya wageni ya mwisho, ya kukamilisha chumba: kitanda, taa ya jua, vifaa, na nyumba ndogo ya mkunga. Wifi yangu Asya, mke wa kaka yangu, alikuwa na mimba ya kwanza, miguu imevimba. Bi Mwenyekiti akaja kwangu jioni moja bila dereva.

"Wageni wanataka kumwona binti wa ile habari."

"Mimi?"

"Weye. Na kaburi wameulizia. Hilo nimeshalimaliza, nimewaambia kwetu wanawake hawaendi makaburini. Lakini mwana…" Akamtazama Raya, aliyekuwa anajaribu kumvisha paka kanga. "Mpeleke Mkoani kwa dada yako. Siku ile tu. Wakiondoka, arudi."

"Unanambia nimfiche mwanangu kwa sababu yuhai?"

"Nakuambia umfikirie Asya."

Sikulala kwa raha siku zile. Hamad alisema uamuzi ni wangu. Asya mwenyewe alinambia, taratibu, akijikanda miguu, "Wifi, siku moja tu."

Siku yenyewe ilipofika, nilimwogesha Raya, nikampaka mafuta, nikamvisha gauni la Idi. Nikauteremsha mkeka wa mgeni nikautandika ukumbini kwangu. Wageni wakaingia, wakavua viatu, wakaketi, wakaishika ile rangi ya ukindu kwa vidole na kusema nzuri, nzuri. Mmoja, mama wa makamo mwenye uso mwema, akamwonyesha Raya kwa kidole, akauliza kitu. Mkalimani hakuwahi kufungua mdomo. Bi Mwenyekiti alishajibu: "Yuno Mungu kampa badala ya yule."

Mnauona wepesi wake? Kufumba na kufumbua, mwanangu kafa tena, na mahali pake kapewa mtoto mwingine mwenye uso wake.

Nikasema kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kibovu lakini kinatosha: huyu ndiye. Hakuna mwingine. Hakufa.

Yule mama mwenye uso mwema akafunga kifuniko cha chupa yake ya maji, polepole sana. Wakanywa chai. Wakashukuru. Wakampiga Raya picha. Wakaondoka, na hawakurudi.

Nilidhani Bi Mwenyekiti atanipigia kelele. Alibaki mlangoni, kandambili mkononi. "Umesema kweli," akaniambia. "Haya. Mwambie Asya akazalie kwenye hiyo kweli."

Kijiji kilinichukia. Kisimani wanawake walinipa mgongo nilipofika. Mmoja akasema ili nisikie, "Kuna watu wakishazaa wao, mlango wanaufunga na komeo." Nilikuwa na la kuwajibu? Nilikuwa nalo usiku kucha kichwani na mchana halitoki. Kwani mimi ndiye niliyedanganya? Mbona deni la uongo ule nililipishwa mimi? Ningenyamaza, chumba kingekuja. Na mwanangu angebaki amekufa, na ningemkunja na kumficha juu ya kabati pamoja na mkeka kila mgeni akija.

Uchungu wa Asya ulikuja asubuhi moja ya mvua. Ng'ombe hawakuweza kusimama kwenye ule utelezi. Kaka yangu alikuwa anazunguka uwanja kama kuku aliyekatwa kichwa, na ghafla gari ikaingia, nyeusi, imejaa tope mpaka vioo. Sijui nani alimpelekea habari. Dereva peke yake. Akasema, "Mheshimiwa kasema mgonjwa alale kiti cha nyuma, na nisipige breki za nguvu." Asya alifika hospitali. Alizaa salama, mtoto wa kiume. Viti vile vya gari vilikuwa vyeupe. Naambiwa havikutakata tena.

Nilisubiri. Nilifungua simu kila siku nione hotuba, "nilimwokoa mama mmoja kwa gari yangu." Haikuja. Hakulisema popote, hata kwetu hakuja kupokea asante. Hapo ndipo nilipokata tamaa ya kumwelewa. Alilolitenda hakulisema, na alilolisema hakulitenda.

Uteuzi ulipobadilishwa, jina lake halikurudi. Gari ikaenda kwa mwingine, akarudi nyumba yake ya zamani nyuma ya migomba. Siku niliyosikia nilicheka kwa sauti. Mama aliweka chini mbuzi ya kukunia nazi.

"Usicheke," akasema. "Mteremko ule wa mawe, kabla hujazaliwa, tulimbeba yule kwa machela. Mie nilishika mguu wa mbele. Alizaa pale pale chini. Mwana akalia mara moja. Hatukuwahi hata kumgeuza."

Mara moja. Nikakumbuka alivyomsogeza Raya sikioni, akasubiri alie tena.

Mnadhani hasira yangu iliisha? Iliongezeka. "Mama, ikiwa anaye wake, kwa nini asimseme wake? Maiti wake kamficha, mzima wangu kamtoa!"

"Msiba wako unauma," mama akasema. "Wa mwenzio hauumi." Akachukua tena nazi yake. "Na kukaa na mtoto uliyemzika, ukamtoa mbele ya watu wanaokunywa soda, nani awezaye? Mie nisingeweza."

Nilimkwepa muda mrefu. Nikimwona njiani napita shambani. Kikundi kilishapata mwenyekiti mwingine, kijana wa kiume ati, anavaa kofia ya kiua iliyotariziwa na anaongea vizuri kuliko redio. Kitanda cha chumba kimeshaletwa na watu wengine kabisa, mkunga tunaahidiwa. Juzi kijana huyo kapita nyumbani kwangu kuuliza kama bado ninalo lile jamvi bovu. Nilimtazama viatu mpaka akaondoka.

Basi ukaja msimu wa karafuu, na Hamad akavuna kwetu. Kwetu, karafuu zikishushwa uani, wanawake wa jirani hawaitwi. Kila mmoja huja na ungo wake kwapani, akasogezewa nafasi kwenye jamvi, akachambua huku mdomo unafanya kazi kuliko vidole. Asiyesogezewa nafasi hurudi na ungo wake, na kila mtu ameelewa.

Alasiri, tuko kwenye vicheko, Asya ananyonyesha, vidole vyetu vimeshakuwa vyeusi kwa utomvu, nikaona kivuli mlangoni. Bi Mwenyekiti. Amekonda. Ungo kwapani. Miguuni kandambili ile ile yenye waya, na safari hii hakukuwa na nyingine chini ya kiti chochote.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," akasema mama, kwa kuwa hodi haiwezi kukosa karibu. Lakini hakuna aliyesogea. Walinisubiri mimi, uwanja ni wangu. Nami sikusogea. Nilikaa hivyo hivyo, naondoa makonyo, vile vijiti, karafuu upande huu, makonyo upande ule, kana kwamba hakuna mtu aliyesimama juani.

Raya akatoka ndani na kipande cha mua. Akamtazama kutoka chini hadi juu, akautoa mua mdomoni.

"Bibi, ati ni weye uliyesema mie nimekufa?"

Vidole vyote vilisimama. Asya akasema, "We Raya!" Mama akasema, "Mwache."

"Ni mie," Bi Mwenyekiti akajibu.

"Mbona nipo?"

Akauweka ungo wake chini. Akajitengeneza mtandio. Nikaona kifua chake kinajaa, kama kilivyokuwa kikijaa kabla ya hotuba, nikajisemea, haya, sasa tutahutubiwa. Akafungua mdomo, na ile sauti haikuja. Ilikuja nyingine, ndogo, ambayo sijawahi kuisikia kwake, na ikabidi tuinamie mbele ili tuipate.

"Raya yuhai," akasema. "Nilimpokea mie. Alilia mpaka akanichosha. Hakufa, na Mungu asinisikilize nilivyosema. Niliyemsema amekufa alikuwa wangu. Alizaliwa Alkhamisi, nikamwita Khamis, ila hakuna aliyepata nafasi ya kumwita. Nilishindwa kumtaja yeye. Nikamtaja huyu."

Hakuna aliyepiga makofi. Kuku alipita katikati ya karafuu na hakuna aliyemfukuza.

Ndipo mama, aliyeubeba mguu wa mbele wa machela, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kama mtu aliyeletewa habari ya msiba leo hii. Wanawake wote wakaitikia. Bibi wa lile jamvi, mzee sasa hata macho hayaoni vizuri, akanyoosha mkono hewani akiutafuta wa mwenzake, akasema, "Pole mwanangu. Ulikaa nalo muda wote huo?" Asya naye akasema pole. Mmoja baada ya mmoja, mpaka zamu ikafika kwangu.

Sijamsamehe yote. Ya mikeka, sijamsamehe. Ya kunambia nimfiche mwanangu, sijui kama nitaweza. Lakini nilikuwa na pole moja nimekaa nayo kwenye simu miaka hiyo yote, ya shoga yangu wa Unguja, ile ya kilio, ambayo sikuwahi kuifuta wala kujua niipeleke wapi, kwa sababu haikuwa yangu.

Nikasogea kwenye jamvi, nikamwachia nafasi, nikampa mwenyewe pole yake.